Nimeandika jina la mama kwenye listi ya ukaguzi kwa vidole vyangu

Shangazi, habari za siku nyingi.

Nakuandikia usiku, umeme umeenda na simu iko karibu kuzima, kwa hiyo nikikosea maneno nisamehe tu. Mimi ni kijana wa miaka 23, nasoma afya ya umma mwaka wa tatu, chuo sitakitaja na wilaya pia naiacha, ila ni huku magharibi mwa Uganda upande wa mpaka wa Congo. Saa hii niko fildi, yaani ile intanshipu ya wiki kumi ambayo bila hiyo humalizi masomo, na nimeipata kwenye ofisi ya afya ya wilaya ya nyumbani kwetu. Niko wiki ya tano.

Kuipata ilikuwa kazi shangazi. Barua ya chuo niliipeleka kwa CAO, yule mtendaji mkuu wa wilaya, nikaambiwa rudi Jumatatu, nikarudi, nikaambiwa nenda kwa watu wa utumishi, halafu ndiyo nikafika kwa mkuu wa afya wa wilaya mwenyewe, DHO, na yeye swali lake la kwanza halikuwa la masomo, aliniuliza kama najua Kiswahili vizuri maana siku za soko Wacongo wanavuka kwa mamia na si wote wanajua Lukonzo wala Kiingereza. Nikamwambia mimi Kiswahili nimekilia utotoni. Akacheka, akanipokea. Hawanilipi kitu, chakula cha mchana ni changu, boda ni yangu, mjomba wangu hadi leo ananiuliza kwa nini madaktari wa intanshipu wanapewa pesa na mimi sipewi, nimechoka kumweleza kwamba wale ni wengine na sisi ni wengine.

Wiki ya kwanza nilikaa chumba cha rekodi naingiza fomu za mwezi za HMIS, zile takwimu za vituo vya afya, kwenye kompyuta, macho yakauma, nikasema hii nimekuja kufanya nini. Wiki ya pili nikapelekwa kwenye friji za chanjo, asubuhi na jioni unasoma joto unaandika, lisishuke chini ya 2 wala kupita 8. Ya tatu mikutano ya VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea, vijijini, hiyo niliipenda. Ndiyo wiki ya nne nikapewa kwa Inspekta. Ni mzee, amebakiza kidogo astaafu, anatembea na gambuti hata kama jua linawaka, na akiingia kwenye hoteli za chakula anafunua sufuria kwa ncha ya kalamu, anachungulia, anafunika, haongei mpaka amalize yote. Kazi yangu ni kumfuata tu kila anapokwenda, naandika anachosema. Shangazi nimejifunza kwa huyo mzee vitu ambavyo darasani sijawahi kusikia.

Sasa shida. Ijumaa moja jioni akanipa karatasi ameandika kwa mkono, akasema nipigie hii kwenye kompyuta, ni vibanda vya chakula vya pale steji, tutavikagua Jumanne. Vibanda 14. Namba 9 ilikuwa jina la mama yangu mzazi. Ofisini hawajui maana mimi natumia jina la marehemu baba na mama ameandikishwa kwa jina lake la kikwao. Nikaliandika hivyohivyo kwa vidole vyangu, nikatoa nakala, nikaondoka.

Mama anauza bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki, na sombe, yaani majani ya muhogo, siku zikiwepo. Kibanda cha mabati, benchi tatu, jerikeni ya maji ya kunawa ambayo saa nyingine ina maji saa nyingine haina. Choo kiko nyuma, ni kimoja kwa safu yote, cha mwenye vibanda, kimejaa tangu mvua za mwaka jana na mlango wake ni gunia. Cheti cha afya cha mpishi mama hana, wenzake wengi pia hawana.

Jumamosi nikamwambia. Sikupanga kumwambia, nilimkuta anasonga bundu maneno yakatoka. Hakunijibu, aliendelea na mwiko wake. Jumanne tulipofika namba 9 kibanda kilikuwa na kufuli, jirani wakasema ameenda mazishi. Inspekta akaniambia andika imefungwa, tutarudi. Nikaandika. Wawili walikuwa sawa, 11 waliobaki walipewa notisi ya siku 14, na mmoja wao ni mama wa chapati kibanda namba 10. Shangazi huyo mama amenilea. Nilipokuwa primary alikuwa ananipa chapati ya deni na deni lenyewe hakuwahi kulidai. Aliposomewa notisi aliniangalia mimi, hakumwangalia Inspekta.

Jioni ileile mama akafungua, moto ukawashwa, watu wakala. Mama wa chapati akaona. Sasa pale steji maneno ni mengi, ati mtoto wa fulani ana watu ofisini, ati wengine wanaandikwa wengine wanapigiwa simu wafunge. Mama wa chapati salamu yangu hajibu tena.

Nikamwambia mama basi tutengeneze vitu kabla Inspekta hajarudi, angalau maji na kichanja cha vyombo. Akaniambia, "Mwanangu, hii bundu ndiyo ilikulipia karo. Leo umerudi na kalamu kuniandika mimi?" Nikakosa la kusema.

Wiki ijayo tunarudi kuangalia notisi zimefikia wapi. Wiki ya saba supavaiza wa chuo anakuja kunitembelea. Inspekta ndiye anayenisainia logbuku, na alishaniambia nikimaliza atamwomba DHO nibaki kama voluntia. Huku rafiki yangu wa Kampala anasema kuna NGO nafasi bado zipo, wanatoa na pesa ya chakula na usafiri, nihamie. Nikimwambia Inspekta ukweli nimeharibu. Nikinyamaza atasikia kwa wengine, nimeharibu. Nikihama nimekimbia. Mama kwa upande wake ananiona msaliti. Nishauri nifanyeje.

Ni mimi,
Namba 9

* * *

Mwanangu Namba 9,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa jikoni kwangu, na nakwambia ukweli nilisimama nikafunika sufuria. Huyo mzee wako na ncha ya kalamu amenifikia mpaka huku.

Ngoja kwanza niseme nilivyokuelewa, nikikosea utaniandikia tena. Uliingia ofisi ile kujifunza, ukaaminiwa karatasi kabla ya siku yake, jina la mama likawemo, ukamwambia mama peke yake, mama akafunga siku moja akakwepa, majirani hawakukwepa, na sasa watu wanne umewabeba kichwani kwa pamoja: mama, mama wa chapati, Inspekta, na huyo supavaiza ambaye hata hajafika. Halafu kuna Kampala inakuita kwa pembeni. Ni mzigo. Sishangai kwamba unaandika usiku.

Mimi si mtu wa afya, kwa hiyo kabla sijakujibu nilimpigia mzee mmoja ninayemfahamu aliyefanya ukaguzi miaka mingi na sasa analima kahawa yake kwa amani. Sikumwambia wewe ni nani wala wa wapi. Nitakuwa namtaja humu.

Nianze na lile neno "nimeharibu", maana umelirudia. Umeharibu nini hasa? Nimeuliza kwa nia njema. Nilipomweleza mzee wa kahawa kwamba mwanafunzi amemwambia mama yake siku ya ukaguzi, nilitegemea ashtuke, yeye akauliza, "Kwani ilikuwa siri?" Ananiambia enzi zake ziara nyingine walikuwa wanampitishia mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, kabisa atangaze, kwa sababu wanachotaka ni choo kiwepo na chakula kifunikwe, siyo kumvizia mtu. Ziara nyingine hawakusema, walitaka waone mambo yalivyo siku ya kawaida. Ya kwenu ilikuwa ya aina gani? Uliambiwa usiseme, au wewe mwenyewe ndiyo uliona hivyo? Sitaki utumie hili kujitetea, sitaki tu ujihukumu kwa kosa ambalo hujalijua jina lake. Ila kuna kitu kimoja mzee alikisema nikanyamaza. Alisema kama kijana angewaambia wote 14, hata asingekuandikia wewe barua. Nadhani hapo ndipo panapokuuma, na macho ya mama wa chapati yalikuwa yanasema hilohilo. Alichoandikiwa kwenye notisi amesomewa na kukielewa. Ambacho hajakielewa ni kwa nini yule mtoto wa chapati za deni alikumbuka kibanda kimoja akasahau cha pili, na katikati hamna hata ukuta.

La pili unalolichukulia kama limekwisha: kwamba notisi ni kufungiwa, na kwamba mama ndiye mkosaji. Hapa mzee alinipa darasa refu kweli, mimi nakupa kifupi, na ukitaka zaidi muulize Inspekta wako mwenyewe, ni swali zuri kabisa la mwanafunzi. Sheria yetu ya afya ya umma ni ya zamani, ya 1935, ikafanyiwa marekebisho 2023, na notisi kwenye sheria hiyo inampa mtu muda wa kuondoa kero. Siku hizo 14 ni za kutengeneza. Mahakama inakuja mtu akikataa. Halafu kuna hili ambalo nahisi hamlijui pale steji: kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, kama choo kilichojaa au ambacho hakipo, notisi inatakiwa imwendee mwenye jengo, siyo mpangaji. Sasa hebu niambie, choo kimoja cha watu wa vibanda 14, mlango gunia, anayekusanya kodi kila mwezi ni nani? Yeye amepewa karatasi? Barua yako yote umemtaja mara moja tu, kwa maneno matatu, "cha mwenye vibanda". Kina mama wanakasirikiana kwa moshi huku mwenye choo yuko nyumbani kwake anakula vizuri. Kufunika chakula ni kwao. Maji ya kunawa ni kwao. Cheti cha afya, ni kwao pia. Lakini choo kile mama yako hawezi kukichimba kwenye kiwanja cha mtu hata akiuza bundu mwaka mzima.

Na usiseme basi shangazi anatetea uchafu, hapana. Si unakumbuka 2015 taifodi ilivyolipuka pale Kampala katikati ya mji, maji na juisi za kuuzwa barabarani zikakutwa nazo zimo, na waliougua wengi walikuwa wafanyakazi tu, watu wanaokula mchana pale wanapofanyia kazi. Watu kama wateja wa mama yako. Nani anakula pale steji? Dereva, mpagazi, Mcongo aliyevuka na kitunguu, na wewe mwenyewe. Inspekta anapofunua sufuria hamchungulii mama, anawachungulia hao.

Sasa tuje kwenye njia zako, maana ndizo ulizoniuliza.

Kumwambia Inspekta. Wewe unaona mwisho wake ni logbuku isiyosainiwa, na huenda ukawa hivyo, siwezi kukudanganya, kuna wakubwa ambao ukiwaambia jambo hawalisahau mpaka kaburini. Lakini huyo unayenielezea, mzee anayekaribia kustaafu, aliyekaa mji mdogo miaka yote hiyo akikagua vibanda, unadhani hajawahi kukuta jina la shemeji yake kwenye listi? Mzee wa kahawa alicheka nilipouliza hilo. Anasema yeye alimwandikia notisi baba mkwe wake. Alichofanya ni kumwambia mwenzake ofisini kabla, huyu ni mkwe wangu, twende wote, kalamu shika wewe. Kuna watu wanafundishwa hilo darasani kwa jina refu, yeye alilijifunza kwa mke wake kumnunia miezi miwili. Kwa hiyo ukienda kwa Inspekta fikiria unakwenda na kipi. Kuna kwenda kuungama, "nimekukosea mzee nisamehe", ukalia, yeye akabaki na mzigo wa kukusamehe au kutokukusamehe. Na kuna kwenda na jambo la kazi: namba 9 ni mama yangu, nilipaswa kusema siku ile unanipa karatasi, sikusema, na mama alijua kabla, tukirudi naomba nisiwe mimi ninayeandika pale. Maneno ni karibu yaleyale lakini hayakalii vilevile. Hatari yake ni kwamba ukishasema huwezi kurudisha, na mama anaweza kukaguliwa kwa ukali zaidi ili ionekane hapendelewi. Hilo nalo uwe umelifikiria, ikiwezekana mama ajue kwanza kwamba unakwenda kusema.

Kunyamaza. Watu wengi wangenyamaza, na wiki tano zinaisha haraka. Sikucheki kwa kulifikiria. Ila mwanangu, steji? Mahali ambapo mtu akinunua sufuria mpya mji mzima unajua bei? Inspekta akirudi wiki ijayo, wanawake 11 wamegharamika, mmoja wao tu akisema "mbona huyu mlimpigia simu", imetoka, tena imetoka kwa kinywa kingine na imeongezwa chumvi, wewe hukupiga simu hata moja. Na litakuwa limesemwa mbele yako umeshika daftari. Kama ukichagua kunyamaza, basi chagua ukijua siku hiyo inaweza kuja, na uwe na la kusema siku hiyo.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja, supavaiza wa chuo. Umemwandika kama mtu wa kuogopwa, na sijui kwa nini. Huyo haji tu kuhesabu siku ulizokosa. Jambo la namna hii, mwanafunzi kapewa fildi nyumbani kwao akakutana na mama yake kwenye listi, wewe siyo wa kwanza, na chuo kina njia zake. Unaweza kumpigia kabla ya wiki ya saba ukamuuliza kama swali. Hasara yake: wengine wakishaulizwa wanapiga simu ofisini moja kwa moja, na Inspekta akilisikia toka chuoni badala ya kwako, hapo sijui, mimi ningeumia.

Kampala sasa. Hapo nitasema kwa uangalifu maana najua njaa ni njaa, na pesa ya chakula siyo ndogo kwa mtu anayekatisha mji kwa mguu mchana. Lakini uliza maswali ya kijinga kabisa. Barua yako ya chuo inataja ofisi gani, na inaweza kubadilishwa katikati? Wiki tano ulizofanya zinahesabika au unaanza moja? Utalala wapi? Na hiyo NGO pesa yake inatoka wapi, maana tangu Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, 2025 miradi mingi ya afya hapa kwetu imepunguza watu, na mwanafunzi wa fildi huwa ndiye wa kwanza kuambiwa tutakupigia. Huenda hii ya rafiki yako iko imara. Muulize tu.

Na kingine, usije ukaona hii ya wilaya ni ndogo kwa sababu kuna vumbi. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano alivuka kutoka Congo na watu wake, akafikishwa hospitali upande wa Kasese, ikaonekana ni Ebola. Yeye, mdogo wake na bibi yao walifariki, tuliumia wote. Lakini ugonjwa haukuwashika watu wa huku. Nani walizunguka nyumba hadi nyumba kila siku kuangalia waliomgusa mtoto wana homa au hawana? Watu wa wilaya na watu wa vijiji, wanaojua njia za panya, wanaojua kumsalimia bibi kwa lugha yake ndiyo afungue mlango. VHT mnaowafanyia mikutano huchaguliwa na wanakijiji wenzao, kwa sababu wanajulikana. Sasa wewe unaogopa kwamba umejulikana. Ule ujuaji watu ndio DHO aliuona siku ile alipokuuliza Kiswahili akacheka. Ndio huohuo umekuletea balaa namba 9. Sijui utautenganishaje, na sina hakika kama unatenganika.

Nimemwacha mama mwisho, siyo kwa udogo.

Lile neno lake la kalamu limenikaa. Wewe umelisikia kama anakuita msaliti, mimi nimelisoma mara nyingi na sisikii hivyo, nasikia mama aliyeaibika. Amesimama motoni miaka yote ili mtoto asome, mtoto amesoma, na kitu cha kwanza alichorudi nacho ni kumwambia jiko lako ni chafu. Wewe hukusema hivyo, najua, ulisema maji na kichanja. Lakini yeye ndivyo alivyosikia. Na kufuli alilofunga Jumanne, usidhani lilikuwa rahisi kwake. Siku moja ya kufunga pale steji ni pesa, tena kuna wateja walioenda kula kwa mwingine na hawajarudi. Alifunga kwa ajili ya kibanda au kwa ajili yako, usikutwe unamwandika mama yako mbele ya watu? Umemuuliza? Kama hujamuuliza, mimi ningeanza na hilo kabla ya habari za jerikeni.

Jerikeni yenyewe unajua kuifunga, VHT wamekuonyesha, vijiti, kamba, kipande cha sabuni, unakanyaga maji yanachuruzika. Unaweza kumfungia mama Jumapili. Ila tafadhali fikiria, tipitapu ikiota namba 9 peke yake Jumapili na Inspekta akaja katikati ya wiki, mama wa chapati atasemaje? Kamba hiyohiyo inatosha mbili. Hata kumi na nne ikibidi, miti ipo.

Kwa mama wa chapati sina maneno ya kukupa. Nimejaribu kuyaandika hapa nikayafuta mara mbili, yalikuwa yanasikika kama ya redio. Huyo ni mzazi wako wa pili na unamjua, mimi simjui. Ninachokiona kwa mbali ni kwamba hajibu salamu, lakini hajaenda ofisini kusema. Siku zote hizo na notisi yake mkononi, na njia ya ofisi anaijua. Kwa nini hajaenda, sijui, ila ningependa wewe ujiulize kabla hujaamua utaanza kwa nani.

Nikuulize na mambo madogo ya kumalizia, ujibu ukipata umeme. Namba 9 kwenye logbuku uliandika "imefungwa" tu, au uliandika na ile habari ya mazishi? Kuna tofauti, la kwanza uliliona kwa macho, la pili uliambiwa. Na yule mwenye vibanda, jina lake lipo popote kwenye karatasi za Inspekta?

Halafu mwambie mama shangazi anauliza, hiyo bundu ni muhogo mtupu au anachanganya na mahindi? Mimi nimezoea ya mchanganyiko, na huku nilipo wanaisonga inakuwa laini kama uji.

Wako,
Shangazi